Wifi Adila na Kampuni ya Mzee Mtoro

Kaka yangu Yahya alipotuambia kwamba binti aliyemposa ni mchumi wa serikali, mama alimshukuru Mungu akidhani tumepata mtu wa benki. Shangazi zangu wawili walianza kupanga mikopo kabla hata mahari haijapelekwa. Adila alipokuja Bagamoyo kutusalimia, tulimketisha vizuri, tukampa juisi ya ukwaju, akaulizwa kwa adabu anafanya nini hasa huko ofisini kwake Dar. Akasema anashughulikia uwazi wa kampuni na makosa ya kiuchumi. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wageni walipoondoka alinifuata jikoni akaniuliza, "Mina, huyu mtoto anauza nini?"

Nitaieleza kazi yake kama nilivyoielewa mimi, mpishi wa shughuli. Kampuni ikiandikishwa serikalini, huandikwa na majina ya wenyewe. Sasa wako wajanja wanaoandikisha majina ya watu wengine: mpwa, mtumishi wa ndani, bibi kizee wa shamba asiyejua kama ana kampuni. Wao wanakaa nyuma wanakula faida, na mambo yakiharibika anayefuatwa ni bibi kizee. Huyo anayekula kwa nyuma, kina Adila humwita mmiliki manufaa, na wifi yangu analipwa mshahara kumtafuta. Yaani serikali inamlipa mtu kwa kuuliza vitu ni vya nani.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe haiachi ofisini. Yeye na Yahya wanakaa Kerege, na kila Jumamosi wanakuja kwa mama, hapa Magomeni ya Bagamoyo. Ukipanda naye bajaji kutoka stendi, atamuuliza dereva kwa upole kabisa bajaji ni ya nani. Dereva akisema ni ya bosi, atauliza bosi kaipata wapi, na kama kadi imeandikwa jina la bosi au la mkewe. Siku moja dereva alitushusha njiani akisingizia pancha, tukatembea juani na vikapu vyetu. Kwenye soko la samaki wenzake wanauliza bei, yeye anauliza chombo kilichowavua ni cha nani. Kwenye harusi ya binamu yetu ndiyo alituvua nguo kabisa, maana alimsifu bibi harusi kwa dhahabu zake kisha akamuuliza kama ni zake. Zilikuwa za shoga yake Raya, za kuazima, na Raya mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya Adila na sahani ya biriani. Suluhu ya jambo hilo niliitafuta mimi, kwa miguu yangu, nyumba hadi nyumba.

Kwa hiyo nisiseme uongo, mwanzoni sikumpenda. Mimi hasira zangu ziko karibu, na wifi anayeuliza sufuria zangu ni za nani wakati nimezishikilia mkononi ananichokoza. Lakini nilimwona akiosha vyombo vya shughuli bila kuambiwa, na masizi yamempanda hadi kwenye viwiko, nikaanza kumvumilia. Mahali alipopapenda zaidi mtaani kwetu ni baraza ya Bi Saida, jirani wa mama. Bi Saida amekuwa akipika mikate ya kumimina tangu mimi sijazaliwa, na Adila akishakaa pale na kipande chake, anauliza habari za mashamba, za vyombo vya uvuvi na za maduka ya watu, huku Bi Saida anajibu yale anayoyajua na kukaa kimya kwa yale anayoyajua zaidi.

Mume wa Bi Saida, Mzee Mtoro, alikuwa mlinzi wa yadi ya vifaa vya ujenzi ya Bwana Farhan. Mtu wa kofia safi na redio ndogo, hana neno na mtu. Kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kusikia akitoa siri, wala sikujua kama anazo. Kutwa alilala, jioni alikwenda kazini na chupa yake ya chai, asubuhi alirudi kwenye ile nyumba yao ya matofali yenye kisima uani, akaketi barazani kama mkubwa wa mtaa. Bwana Farhan unamwona tu kwenye shughuli za watu, anatoa turubai, anatoa mchele, anatoa hotuba.

Basi ikatokea kampuni moja iitwayo Mawimbi Machimbo ikalipwa fedha za umma kumwaga kifusi kwenye barabara ya kwenda mashambani kwetu. Ililipwa yote. Kifusi hakikumwagwa hata koleo moja. Naijua barabara hiyo kwa mgongo wangu, maana ndiyo ninayopitisha sufuria za pilau kwenda kwenye shughuli za huko, na mfuniko wangu mkubwa kuliko yote ulirukia kwenye shimo mojawapo ukapondwa na lori la nyuma. Faili la kampuni hiyo likaangukia mezani kwa Adila. Akalifungua atafute mwenyewe ni nani, akakuta mwenye hisa zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ni Mtoro Ramadhan, mkazi wa Magomeni, Bagamoyo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake akasema mtu huyu ni jirani wa mama mkwe wangu. Mkubwa akamwambia aendelee, ila kila atakachofanya kifanyike pamoja na mwenzake wa ofisini, Bwana Tarcis, asije akaambiwa anabeba watu. Wakaja wote wawili, Adila amevaa viatu vya ofisini, akapiga hodi kwenye baraza ile ile aliyozoea kulia mikate. Mzee Mtoro aliwapokea vizuri. Akakiri kwamba kweli kuna siku aliambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi, akaweka. Walipomuuliza nani alimwambia, akasema mtu akikupa riziki humtaji ovyo. Walimuuliza kwa njia nyingi, naye kila mara akawaongezea chai.

Mtaa mzima ulijua ni Farhan. Lakini kujua kwa mtaa si ushahidi, na Adila ni mtu wa ushahidi hata kwenye mboga. Mtoro alikuwa hajatamka kitu bado, presha ikampanda, akafariki.

Mazishi yalikuwa alasiri ya siku ile ile. Bwana Farhan alileta turubai na magunia ya mchele, akalia hadi akashikwa mkono. Mimi nilikuwa kwenye mafiga uani, Adila ananimenyea vitunguu, alipoingia mwanamke wa makamo tusiyemjua, na watoto watatu wa kiume wamemfuata nyuma. Wote watatu walikuwa na masikio ya Mzee Mtoro, yale mapana. Akasema anaitwa Habiba, ametoka Chalinze, na amekuja kumzika mumewe. Ua mzima ukaacha kupepeta. Bi Saida alitolewa chumbani, akawatazama wale watoto mmoja mmoja, kisha akauliza, "Na hawa ni wa nani?"

Namwona Adila hadi leo, kisu kimesimama kwenye kitunguu. Alikuwa amechunguza mtu huyo kwa miezi, ana anwani zake zote na alama za vidole vyake, na hakujua kwamba ana nyumba nyingine njia panda ya Chalinze. Farhan alimchagua Mtoro amfiche, na kwa kweli alichagua fundi wa kuficha. Bi Saida hakupiga kelele. Alisema watoto wapewe maji, akarudi chumbani kuanza eda yake, na mlango ukafungwa.

Siku chache baadaye Adila alinifuata jikoni, uso umemshuka. Akanieleza kwamba kwenye karatasi mwenye kampuni ni Mtoro, kwa hiyo fedha za barabara zitadaiwa kutoka kwenye mali ya Mtoro, na mali ya Mtoro ni ile nyumba. Nilitupa mwiko chini. Nikamuuliza kama ni yeye, aliyekula mikate ya mwanamke yule, atakayekuja kumtoa ndani ya eda. "Si mimi, wifi, ni sheria," alisema. "Lakini barua itakuwa na saini yangu." Kisha akalia, machozi halisi, na mimi nilikuwa bado nimekasirika. Nilimpa karafuu azichambue.

Sheria hiyo hiyo inataka familia ya marehemu iarifiwe kwanza kwamba kuna kampuni kwa jina lake. Adila na Tarcis wakaandika barua, wakaipeleka kwa Shekhe Shuaibu, msemaji wa familia, kwamba marehemu ameacha kampuni yenye mashine ya kuchimbia na malori, na familia iitaje kwenye kikao cha mirathi. Mimi nilipoisikia barua imesomwa, nilikwenda soko la samaki nikamwambia mtu mmoja, kwa siri, kwamba watoto wa Chalinze wanarithi malori. Adila alikuwa ameapa kutunza siri za kazi. Mimi sikuapa popote.

Habari ilifika Chalinze siku ile ile. Muharami, kaka yake Habiba, akapanda basi kuja kuyatazama malori kwa macho yake, akazunguka yadi ya Farhan akigonga matairi kwa fimbo. Watu wa Chalinze walioitwa mafukara jana wakaanza kusalimiwa kwa vyeo. Farhan aliulizwa na fundi wake mwenyewe kama kuanzia sasa mshahara utatoka Chalinze. Nilisikia hakula mchana siku hiyo, nami nilimwombea asile na usiku.

Kikao kilikaa baada ya arobaini, nyumbani kwa Bi Saida. Wanaume walitandikiwa mikeka barazani. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na katikati pana pazia la maua, kwa kuwa Bi Saida alikuwa bado kwenye eda. Tarcis alialikwa na shekhe kama mtu wa serikali, ila hakutambulishwa, akakaa pembeni kabisa na sahani ya tende. Adila alikuwa ndani na mimi, anatwanga kitunguu saumu, maana alisema hawezi kukaa tu mikono mitupu na roho iko juu vile.

Shekhe Shuaibu akataja mali: nyumba moja, baiskeli moja, redio moja, kofia, na kampuni. Akaeleza mgawo. Kwa kuwa marehemu ana watoto, wake zake wanapata thumuni, yaani moja ya nane, na kwa kuwa ni wawili, thumuni hiyo wanagawana. Kilichobaki ni cha watoto. Bi Saida hakuzaa. Muharami alikuwa ametoa simu anapiga hesabu, akatangaza kwamba kwa nyumba hii sehemu ya Bi Saida ni kama jiko na nusu ya ukumbi. Mwingine akataka kujua mashine ya kuchimbia inagawanywaje, kijiko kiende wapi na kiti kiende wapi. Wakabishana hapo hadi shekhe akagonga fimbo sakafuni. Nyuma ya pazia Bi Saida alikuwa anatazama dari lake tu.

Kisha shekhe akasema lile neno linalosemwa kwenye kila mirathi yetu, kwamba mwenye dai juu ya marehemu aseme mbele ya watu, au asamehe. Mara nyingi hapo hutoka mwenye duka na kibaba cha sukari, familia inalipa, mambo yanakwisha. Safari hii akasimama Bwana Farhan. Namwelewa kwa nini. Muhtasari wa kikao ungepelekwa mahakamani, na baada ya hapo malori yake yangekuwa ya watoto watatu wenye masikio mapana.

Alizungumza vizuri, ni mtu wa hotuba. Alisema Mtoro alikuwa mlinzi wake mwaminifu, Mungu amrehemu, na kwamba alimwazima jina tu. "Jina kwenye karatasi ni jina," alisema. "Mwenye mali ni yule aliyetoa fedha yake. Hilo hata mtoto analijua." Shekhe akataka uthibitisho. Farhan akatoa mfukoni mkataba wake na Mtoro, wenye saini na dole gumba na mashahidi, umetiwa plastiki usije ukalowa. Kitu ambacho wifi yangu alikitafuta hadi nywele zikaanza kumkatika, mwenyewe alikileta kwa miguu yake, kimekauka na kung'aa.

Adila akaacha mchi ndani ya kinu. Akasogea kwenye pazia, mikono inanuka vitunguu, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na malipo ya kifusi cha barabara, Bwana Farhan, yaliingia kwako au kwa marehemu?"

Farhan alidhani ni sauti ya mrithi mwingine anayetaka kumega. Alijibu kwa hasira kwamba yote yaliingia kwake, Mtoro hakupata hata senti moja, na yuko tayari kuapa. Shekhe akamwapisha. Hapo ndipo Tarcis alipoweka sahani ya tende chini, akajifuta vidole, akajitambulisha kwa jina na ofisi, akaomba kwa heshima autazame ule mkataba. Bwana Farhan alikaa taratibu pale alipokuwa, na hapakuwa na mkeka.

Mimi nilitaka kupiga kigelegele, Adila akanishika mdomo. Nikasema basi imekwisha, nyumba imepona. Yeye akatikisa kichwa. Serikali haitaigusa nyumba tena, alininong'oneza, lakini mirathi iko pale pale, na Bi Saida bado ana jiko na nusu ya ukumbi. Hilo halikuwa kwenye faili lake na hakuwa na la kufanya.

Ndipo Bi Saida alipokohoa. "Shekhe," alisema kupitia pazia, "mlango wa madai umefungwa?"

Shekhe akasema bado.

"Basi na mimi ninadai. Nyumba hii ni yangu."

Muharami akaruka. Akasema hati imeandikwa Mtoro Ramadhan, ameiona, ipo wazi. Bi Saida alimsubiri amalize, kisha akasema hakatai kwamba jina ni la Mtoro. Lakini Bwana Farhan ametoka kutufundisha sasa hivi, na mkutano mzima umekubali, kwamba jina ni jina na mwenye mali ni aliyetoa fedha. Kiwanja alikinunua kwa minazi ya baba yake. Matofali na mabati ni mikate. Mama yangu, aliyekuwa amekaa muda wote akipepeta mchele, akasema bila kuinua macho kwamba maji ya kuchanganyia saruji aliyabeba yeye, na kwamba kila mtu wa umri wake anayajua hayo. Barazani akajibu mzee Emmanueli, fundi aliyeijenga, kwamba malipo yake aliyapokea kwa mkono wa Bi Saida na siku nyingine alilipwa kwa mikate yenyewe. Shekhe akamgeukia Farhan, akamuuliza kama bado anashikilia maneno yake. Maskini, angefanya nini. Akasema anayashikilia.

Iliandikwa hivyo kwenye muhtasari, na baadaye mahakama ikawaita mashahidi, ikakubali. Muharami alirudi Chalinze na baiskeli juu ya basi. Redio Bi Saida aliifunga mwenyewe kwenye kitambaa, pamoja na mkate mzima wa kumimina, akaagiza wapewe watoto, kwa kuwa alisema masikio hayana kosa. Kesi ya Farhan inaendelea na sina la kuisemea. Barabara ni ile ile, na mfuniko wangu haujafufuka.

Eda ilipokwisha, Jumamosi moja Adila alikwenda kukaa barazani mahali pake. Hakuuliza chombo cha mtu wala shamba la mtu. Alikaa na kipande chake mkononi bila kula, hadi nikadhani anaumwa. Mwishowe akamwambia Bi Saida kwamba amekaa kwenye baraza hii miaka yote, kazi yake ni hiyo hiyo, na hajui kwa nini hakuambiwa habari ya nyumba.

"Hukuuliza, mwanangu," Bi Saida alisema. "Uliuliza vya watu wote." Akageuza mkate uliokuwa jikoni, akaufunika, akaongeza makaa juu. "Usiku kucha alikuwa analinda mali ya mtu. Nilitaka asubuhi arudi kwake."

Adila akala mkate wake. Nilipomsindikiza stendi, tukapanda bajaji, na dereva akatuchukua hadi mwisho wa safari bila kuulizwa chochote.